Jumamosi za Kupima Rimu

Gari la Taratibu lilikuwa halina miguu. Lilikaa uani kwake juu ya matofali, limeoshwa, vioo vimepanguswa, limetulia kama mgeni aliyeambiwa asubiri chai na chai yenyewe haiji. Na aliyelikata miguu hakuwa mwizi, ingawa mtaa mzima uliambiwa ni mwizi. Alikuwa mke wake wa ndoa.

Msinitolee macho. Sikilizeni kwanza, kuhukumu mtahukumu baadaye.

Mke huyo ni fundi cherehani. Wateja wanamwita Mama Pindo, kwa sababu akiona pindo la mtu limelegea hawezi kunyamaza, atakusimamisha hata uwe unakimbilia hospitali. Futi yake ya kupimia nguo hukaa shingoni toka anaamka mpaka analala, na mumewe alizoea kumtania kwamba siku atakayofika mbele ya Mungu, ataanza kwa kumpima mabega. Huyo mumewe ndiye Taratibu. Jina alipewa na watoto wa shule. Aliendesha basi la shule maisha yake yote ya kazi, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari. Watoto walikuwa wanapiga kelele huko nyuma, "Taratibu, tutazeekea njiani!" Naye anacheka, halafu anapunguza mwendo zaidi, makusudi.

Alikuwa na tabia moja. Kila mwisho wa safari, mtoto wa mwisho akishashuka, alizima injini akatembea kutoka mbele hadi kiti cha nyuma kabisa, anainama kutazama chini ya kila kiti. "Watoto husinzia," alisema, "na aliyesinzia humwiti akaitika." Hakuna mtoto aliyewahi kusahaulika ndani ya basi lake. Hata mmoja. Lishikeni hilo, maana ndilo linaloniuma mimi.

Alipostaafu alinunua gari dogo, la mkono wa pili, akalitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Humo ndimo alimofundisha mkewe kuendesha. Somo lilikuwa moja tu. Mama Pindo alikata kona akapanda ukingo wa barabara, rimu ya mbele kushoto ikachubuka vibaya, yeye akashuka akasema usukani hauna tofauti na mwanamume, ukiuvuta huku wenyewe unakwenda kule. Taratibu alicheka mpaka akakaa chini. Fundi alitaka kuisawazisha ile rimu, akamkatalia. "Acha hivyohivyo. Hiyo ni saini ya mke wangu."

Ugonjwa ulianza kwa hila. Miwani iko usoni, yeye anaitafuta. Chai ishatiwa sukari, anatia tena. Anamsalimia jirani, jirani anaitika, akigeuka anamsalimia upya. Watu wakasema uzee huo. Mama Pindo naye akacheka na wanaocheka. Kuna njia gani nyingine?

Mpaka mchana wa siku ile, alipokwenda kumchukua mjukuu shule ya chekechea. Huyo ni mtoto pekee wa binti yao, kipenzi cha babu, na kiti cha mbele cha gari lile kilikuwa mali yake. Njiani Taratibu alisimama dukani kununua mkate. Akanunua. Kisha akatoka na mkate wake, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, akaketi, akaomba maji ya kunywa.

"Mtoto yuko wapi?" Mama Pindo akauliza.

"Mtoto gani?"

Mama Pindo alikimbia peku, futi inampigapiga kifuani. Alipofika, watu walikuwa wameshavunja kioo. Jua lilikuwa la utosi, milango imefungwa, na yule mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Walimmwagia maji kichwani. Akafungua macho. Alipona, tunamshukuru Mungu, alipona. Lakini tangu siku hiyo hakutaka tena kufungiwa mlango wowote, hata wa choo.

Jioni yake Taratibu alizunguka gari akiwa amekasirika kwelikweli, anauliza ni mhuni gani kavunja kioo chake. Hakukumbuka lolote. Mtu aliyeinama chini ya kila kiti maisha yake yote! Na nani angekuwa na moyo wa kumwambia?

Binti yao hakupayuka. Alimvuta mama yake jikoni, akasema, "Mama, baba nampenda, unajua. Lakini akishika usukani tena, mimi mtoto simleti hapa. Utanisamehe."

Haki yake. Mama Pindo mwenyewe angesema hivyohivyo.

Basi akaanza kuficha ufunguo. Taratibu akapindua nyumba nzima, godoro juu chini, mwisho akakaa sakafuni akalia kwa kwikwi kwamba amekuwa mtu wa kupoteza vitu. Kesho yake akaunganisha nyaya, gari likawaka bila ufunguo; ujuzi huo haukuwa umemtoka. Mkewe na binti wakatoa betri. Akaenda kwa jirani kuazima, na jirani, kwa heshima zake, akampa kwa mikono miwili. Kuliuza? Kila asubuhi alikuwa anaingia mle ndani, anapangusa, anarekebisha kioo, anakaa kimya mikono ikiwa kwenye usukani. Kuliuza gari lile kulikuwa sawa na kumtoa mtu nyumbani kwake.

Hapo ndipo siku moja, binti alipompeleka baba kliniki, Mama Pindo akamwita shemeji yake, mdogo wake Taratibu. Wakapandisha gari juu ya matofali, wakang'oa magurudumu yote manne, shemeji akayafungia stoo kwake. Taratibu aliporudi alisimama mbele ya gari muda mrefu, kofia mkononi.

"Wezi," mkewe akasema, huku anatazama pembeni.

Alitegemea matusi. Alitegemea machozi. Taratibu akachuchumaa, akapapasa zile studi za kufungia nati, zilizotokeza bila gurudumu, akasema kwa upole, "Basi tutatafuta rimu nyingine. Si lazima zitoke kwenye gari kama hili. Ziko rimu za magari mengine zinaingia. Ni kupima tu."

Kumbe katika yote yaliyomtoka, hilo lilikuwa limebaki! Jina la jirani amesahau, jina la dawa yake amesahau, lakini rimu alikuwa anazijua.

Pale mjini kulikuwa na yadi ya vipuri vilivyotumika, na mwenye yadi aliitwa Kinyozi, kwa kuwa ukimpelekea gari bovu alilinyoa mpaka likabaki upara. Mama Pindo alimtangulia Ijumaa, akamweleza yote, akamwomba kitu kimoja. Rimu zinazofaa gari la mume wangu zifiche nyuma. Tutolee zisizofaa.

Kinyozi alikuna kichwa. "Mama, mimi kazi yangu kuuza. Unaniomba nisiuze?"

"Nakuomba."

"Haya. Mungu anisamehe, na mke wangu asisikie."

Ndivyo zilivyoanza zile Jumamosi. Mama Pindo anafunga cherehani, wanavaa, wanatembea pamoja mpaka yadini. Kinyozi anawavingirishia rimu. Taratibu ananyoosha mkono bila kugeuka, anavuta futi kutoka shingoni kwa mkewe, na darasa linaanza.

"Watu wajinga wanahesabu matundu tu," anasema. "Matano kwa matano, wanafunga, wanaondoka. Matundu matano hayatazamani, kila moja mbele yake hakuna mwenzake. Kwa hiyo usipime jirani kwa jirani. Ruka mmoja. Anza ukingo wa nje wa hili, ishia katikati ya lile la pili yake. Umeona? Hilo sasa ndilo duara lake." Anapima. Anatikisa kichwa. "Halafu tundu la kati. Likiwa kubwa kuliko kichwa cha ekseli, gurudumu linabebwa na nati peke yake, na nati zitachoka. Likiwa dogo, haliingii hata ukiliombea. Na ukishafunga, kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uone kama tairi haligusi springi wala mpira wa breki. Rimu ni ndoa, Kinyozi. Mnaweza kufanana sura na bado msiingiane."

"Na wewe mzee uliingiana?"

"Mimi? Mimi nilipimwa kwanza. Si unaona futi?"

Wote watatu wanacheka. Mafundi wengine wanasogea kusikiliza. Taratibu anarudi kuwa Taratibu, mgongo umenyooka, hatafuti neno hata moja. Kisha anakunja futi, anasema zimekataa hizi, na Mama Pindo anamwambia maneno yaleyale ya kila wiki: "Pole. Hazikubali. Twende nyumbani, Jumamosi ipo."

Nitasema ukweli, hata kama ni aibu: zile saa za uongo zilikuwa ndizo saa za raha kuliko zote walizobakiwa nazo. Ijumaa jioni Mama Pindo alikuwa anapiga pasi shati la mumewe huku anaimba.

Ila njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi moja walimkuta Kinyozi ametoka, na gari jipya la kunyolewa lilikuwa limeletwa asubuhi hiyo. Rimu zake zilikuwa zimeegeshwa ukutani, peupe. Gari lenyewe halikufanana na lao hata kidogo. Taratibu akavuta futi. Akaruka mmoja. Akapima tena. Akapima tundu la kati, akaingiza vidole, akafumba macho kama anasikiliza.

"Mke wangu," akasema, na sauti ikamtetemeka kwa furaha. "Hizi zinaingia."

 Mdomo wa Mama Pindo ukajiendea wenyewe. "Pole. Hazikubali. Twende nyum..."

"Nimekwambia zinaingia."

Wakati huo Kinyozi alikuwa anaingia getini. Akaona, akaelewa, akadakia harakaharaka, "Ah, mzee, hizo hazikubali, hizo za gari jingine kabisa!"

Taratibu alimtazama Kinyozi. Akamtazama mkewe. Siku ile akili yake ilikuwa wazi, siku za namna hiyo zilikuwa bado zinamjia. Akamtazama mkewe vilevile alivyokuwa anatazama chini ya viti.  Akamvisha futi shingoni, wakarudi nyumbani.

Uani aliketi juu ya tofali, kando ya gari.

"Hakuna mwizi," akasema.

"Hakuna."

"Nilifanya nini?"

Mama Pindo akasema hakuna ulichofanya, baba, uzee tu. Naye akasema, "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu hang'olewi magurudumu bure. Nilifanya nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote: mkate, jua, kioo, mtoto na sauti yake iliyokauka. Aliyasema akiwa amemshika mikono yote miwili, maana aliogopa. Taratibu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa sauti moja ambayo Mama Pindo hajawahi kuisikia tena, wala haombi kuisikia.

"Nilimwacha kwenye kiti cha mbele," alisema. "Mbele, kando yangu! Hata si nyuma."

Walilia wote wawili pale uani, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vyao, na jirani aliyekuja kuazima ungo akarudi polepole alikotoka.

Baadaye Taratibu alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nisikilize kabla halijanitoka. Kesho naweza nisijue haya. Nikikwambia twende tukatafute rimu, nipeleke. Nikikwambia zinaingia, niambie hazikubali. Hata nikikutukana. Umesikia, Mama Pindo? Ushikilie hapohapo."

"Nimesikia."

"Uape."

Akaapa.

Asubuhi yake Taratibu aliamka, akanywa chai, akauliza ni mhuni gani kaiba magurudumu yake. Na Jumamosi ikafika, wakaenda.

Ugonjwa haukuwa na haraka, ulikwenda mwendo wa mwenyewe. Siku zile za akili wazi zikawa chache, halafu zikakatika. Akaanza kusaidiwa vifungo. Akaanza kuishiwa maneno, anaonyesha kijiko anasema "ile". Asubuhi alikuwa bado anapelekwa kukaa ndani ya gari, lakini mikono haikukaa tena kwenye usukani, ililala mapajani. Mama Pindo alimtilia ufunguo kiganjani siku moja kumjaribu. Taratibu akaugeuzageuza, akamrudishia kwa adabu, kama mtu aliyepewa kitu kisicho chake.

Ndipo Mama Pindo akamwita binti yake. "Baba yako hawezi tena kuliwasha lile gari. Hawezi kumdhuru mtu. Naomba nimrudishie magurudumu yake. Akae kwenye gari lenye miguu, jamani, si juu ya matofali."

Binti alilia, akakubali. Tena akasema atamleta mtoto, aketi na babu yake uani, milango yote wazi.

Lakini Mama Pindo hakutaka kumrudishia hivihivi, afungiwe tu na fundi. Alitaka ayapate mwenyewe. Baada ya Jumamosi zote hizo za kukataliwa, alitaka mara moja tu mumewe apime, aseme zinaingia, na yeye amjibu ndiyo. Lile neno lilikuwa limemkaa rohoni tangu siku aliyomkatiza furaha yake. Akapanga na shemeji, magurudumu yakatolewa stoo, matairi yakavuliwa, rimu zikapelekwa kwa Kinyozi. Kinyozi alizisugua mwenyewe kwa sabuni, akaziegesha ukutani palepale peupe. Hakumgusia mtu habari ya biashara.

Jumamosi hiyo Mama Pindo alimvalisha mumewe shati jeupe. Walitembea polepole, kila baada ya nyumba chache wanapumzika. Mafundi walikuwa wameshapashana habari, wakasimama kando, spana mkononi, kila mmoja anajifanya ana kazi.

"Mzee wangu," Kinyozi akasema, "leo nina hizi. Sijui. Nitazamie."

Taratibu alisimama. Mkono haukunyooka wenyewe safari hii. Mama Pindo alivua futi akamwekea kiganjani. Akachuchumaa kwa shida, Kinyozi kamshika kwapa. Akaiweka futi kwenye tundu moja. Akaivuta mpaka tundu la jirani yake.

"Ruka mmoja," Mama Pindo akanong'ona.

Hakusikia, au alisikia na halikumwambia kitu. Alipima jirani kwa jirani. Akageuza futi upande usio na namba, akapima tena. Akatazama ndani ya tundu la kati muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa, uso wake una huruma.

"Hazikubali," akasema.

 Mama Pindo alipiga magoti palepale kwenye mchanga wa mafuta, na nguo yake nzuri.

"Zinakubali, baba. Pima tena. Hizi ni zako."

"Hazikubali."

"Ni zako! Tazama hapa." Akamshika kidole, akakipitisha kwenye ule mchubuko wa rimu ya mbele kushoto. "Unaikumbuka hii? Kona ile? Saini ya mke wako?"

Taratibu alipapasa mchubuko kwa kidole, huku na huku. Akatabasamu, na Mama Pindo akamsogelea.

"Huyu," Taratibu akasema, "hakujua kuendesha."

Kinyozi aligeuka akaukabili ukuta. Mama Pindo alicheka, kicheko kikamgeukia njiani, akaangua kilio mbele ya mafundi wote, kilio cha kiapo alichokishika mpaka kikakosa mwenyewe. Ni nani aliyekuwa anadanganywa sasa, na ni nani alikuwa anamtunzia nani moyo? Kila wiki alikuwa amemwomba Mungu mumewe asije akasema tena zinaingia. Mungu alikuwa amesikia.

Taratibu alimtazama yule mama anayelia. Akahangaika, akatafuta mifukoni kitu cha kumpa, hakupata. Akainama, akamvisha futi shingoni, akaisawazisha, ncha zake mbili zikawa sawa. Kisha akamshika mkono amwinue, na sauti yake ikawa ileile ya upole aliyoambiwa nayo Jumamosi zote zile.

"Pole," akasema. "Hazikubali. Twende nyumbani, Jumamosi ipo."